Mlima ulisema baridi, bahari ikakataa: kisa cha joto la Enzi ya Barafu kwenye ikweta

Ukipanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru, ukishavuka lile tope linalong'ang'ania viatu, unaingia Bonde la Teleki. Miti imekwisha. Kilichobaki ni nyasi za vishungi, lobelia, na masenesio makubwa yaliyosimama kama watu waliojitanda mablanketi. Kando ya bonde kuna matuta marefu ya mawe ambayo wapandaji wengi huyapita wakiwa na haraka ya kufika kambini. Ukisimama ukayatazama vizuri, utaona jiwe la ukubwa wa kabati limekalia changarawe, changarawe imechanganyika na mchanga, na mchanga umechanganyika na udongo laini kama unga. Mto haufanyi hivyo. Mto huchambua mzigo wake, mawe huyaacha mapema na tope hulipeleka mbali. Barafu haichambui. Hubeba kila ilichokikwangua mlimani na kukitua kwa pamoja pale inapoyeyukia.

Matuta ya aina hiyo katika Mlima Kenya yanashuka hadi karibu mita 3,200 juu ya usawa wa bahari, ilhali mabaki ya barafu tuliyonayo leo yako juu ya mita 4,500. Upande wa Uganda, kwenye Rwenzori, mito ya barafu ilishuka zaidi, hadi karibu mita 2,000, ndani ya eneo ambalo sasa ni msitu mnene. Meredith Kelly na wenzake walipima umri wa mawe ya Rwenzori wakachapisha matokeo mwaka 2014. Barafu ilikuwa imeenea hivyo kati ya miaka 24,000 na 20,000 iliyopita, yaani kwenye kilele cha Enzi ya Barafu ya mwisho.

Kisa ninachokichambua kinaanzia hapo. Kwa zaidi ya miaka 20 milima ya ikweta na sakafu ya bahari vilitoa habari mbili zisizopatana kuhusu baridi ya wakati huo, na modeli za tabianchi, yaani programu za kompyuta zinazoiga hali ya hewa ya dunia, zikajikuta katikati. Nimekichagua kwa sababu mara nyingi mtu akisikia kwamba modeli hazikubaliani na makadirio ya joto la kale, hukimbilia kuuliza nani muongo. Katika kisa hiki kila upande ulikuwa na kosa lake, na kosa lililobaki upande wa modeli linatuhusu sisi tunaoishi chini ya milima hii kuliko watu wengine wengi.

Hesabu ya sweta

Aliyesafiri kwa basi la usiku kutoka Mombasa kwenda Nairobi anajua ni wapi abiria huanza kutafuta masweta. Hewa hupoa kadiri unavyopanda. Kwa Afrika Mashariki ya leo, wastani ni kama nyuzi 5.8 za Selsiasi kwa kila kilomita moja ya kwenda juu. Ukiijua kasi hiyo, mlima unakuwa kipimajoto. Mstari wa theluji, yaani ule mwinuko ambao theluji inayoanguka kwa mwaka inalingana na inayoyeyuka, ukishuka, unajua baridi imeongezeka kwa kiasi gani.

Wanajiolojia walipiga hesabu hiyo Afrika Mashariki, Andes, New Guinea na Hawaii. Kwa wastani mstari wa theluji wa tropiki ulikuwa umeshuka karibu mita 900. Zidisha kwa 5.8, unapata nyuzi 5 na ushei.

Chavua, yaani vumbi la maua linalohifadhiwa ndani ya tope, ilisema vivyo hivyo. Mwaka 1967 Joey Coetzee wa Afrika Kusini alichapisha uchunguzi wa chavua kutoka kwenye tope la Sacred Lake, ziwa dogo la kreta katika msitu wa kaskazini-mashariki mwa Mlima Kenya. Wakati wa Enzi ya Barafu, pale palipo na msitu leo palikuwa na mimea ya nyanda za juu kabisa, na yeye alikadiria baridi ya nyuzi 5 au zaidi. Mwaka 1990 Raymonde Bonnefille na wenzake walichapisha kazi yao ya kinamasi cha Kashiru, Burundi, wakapata nyuzi 4, kwa shaka ya nyuzi 2 juu au chini.

Bahari inakataa

Mwaka 1976 mradi mkubwa ulioitwa CLIMAP ulitoa ramani ya uso wa dunia wakati wa Enzi ya Barafu, na mwaka 1981 ukatoa toleo kamili zaidi. Ilikuwa kazi ya kuheshimika. Watafiti walikusanya tope kutoka sakafu za bahari duniani kote, wakahesabu chini ya darubini magamba ya foraminifera, viumbe wa chembe moja wanaoelea baharini na ambao magamba yao huzama wanapokufa. Kuna spishi zinazopenda maji ya moto na zinazopenda maji ya baridi. John Imbrie na Nilva Kipp walikuwa wameshatengeneza, mwaka 1971, njia ya kihesabu ya kugeuza mchanganyiko wa spishi kuwa nyuzi za joto.

Matokeo yalionyesha bahari za kaskazini zimepoa vibaya, jambo lililotarajiwa. Lakini bahari za tropiki zilionekana kupoa chini ya nyuzi 2 katika maeneo mengi, na sehemu kubwa za Pasifiki zilionekana kuwa na joto kuliko leo.

Tropiki, tukihesabu kutoka latitudo 30 kusini hadi 30 kaskazini, ni nusu kamili ya uso wa dunia. Wakati ule kaboni dioksidi angani ilikuwa karibu sehemu 190 kwa milioni, dhidi ya 280 kabla ya viwanda na zaidi ya 420 sasa. Kama nusu ya dunia haikujali upungufu mkubwa namna ile, basi huenda haitajali sana ongezeko. Kama ilipoa kwa nyuzi 4 au 5, hali ni nyingine kabisa. Ndiyo maana ubishi huu haukuwa wa wataalamu wa magamba peke yao.

Mwaka 1985 David Rind na Dorothy Peteet, wa taasisi ya NASA iliyoko New York, walifanya jaribio lililoweka mambo peupe. Waliingiza joto la bahari la CLIMAP ndani ya modeli ya angahewa, wakaiacha modeli itoe joto la nchi kavu. Modeli ikashindwa kuitia milima baridi ya kutosha: Hawaii, Kolombia, Afrika Mashariki na New Guinea, kote milima yake ilibaki na joto mno kulinganisha na ushahidi wa matuta na chavua. Walipoipunguzia bahari nyuzi 2 zaidi, mambo yakaanza kukaribiana.

Nadhani hapa ndipo wasomaji wengi wa habari za tabianchi wanapotezwa. Ilisemwa kwamba modeli imegongana na ushahidi wa kale. Ukiangalia vizuri, modeli ilikuwa imepewa ushahidi wa upande mmoja kama kweli isiyoguswa, ikaulizwa kama unaweza kuishi nyumba moja na ushahidi wa upande wa pili, ikajibu hauwezi. Ugomvi ulikuwa kati ya makadirio na makadirio.

Kuihoji bahari

Foraminifera hawana kipimajoto. Wanajua chakula, kina cha maji ya moto, chumvi na msimu. Njia ya Imbrie na Kipp inafanya kazi vizuri pale ambapo mchanganyiko wa spishi wa zamani unafanana na mchanganyiko uliopo mahali fulani leo. Tropiki ya Enzi ya Barafu ilikuwa na michanganyiko isiyo na mfano wake popote leo, na hapo hesabu inalazimika kubahatisha jibu lililo karibu. Mwaka 1999 Alan Mix na wenzake waliirudia kazi hiyo kwa njia iliyokwepa tatizo hilo, wakitumia foraminifera haohao. Maeneo kadhaa ya tropiki yakatoka na baridi zaidi kuliko CLIMAP ilivyosema.

Kabla ya hapo walikuwa wamejitokeza mashahidi wapya. Mwaka 1994 Thomas Guilderson na wenzake walipima strontiamu, elementi ambayo kiasi chake ndani ya matumbawe hubadilika kulingana na joto la maji, katika matumbawe ya kale ya Barbados wakapata baridi ya nyuzi 5 baharini. Mwaka uliofuata Martin Stute na wenzake walichapisha matokeo ya maji ya visima vya kaskazini-mashariki mwa Brazili. Maji ya mvua yanapozama ardhini hubeba gesi kama neoni, argoni na zenoni, na kiasi kinachoyeyuka majini hutegemea joto la ardhi siku hiyo. Gesi hizo haziungani na kitu kingine, kwa hiyo hukaa humo maelfu ya miaka bila kubadilika. Visima vya Brazili vilisema nyuzi 5.4, tena nyanda za chini, si mlimani.

Ingekuwa rahisi kutangaza kwamba mlima umeshinda kesi. Lakini matumbawe ya Barbados nayo yalizidisha. Bahari iliposhuka, miamba ya matumbawe iliyobaki nchi kavu ilimomonyoka na kurudisha strontiamu baharini, hivyo maji yenyewe yalikuwa na strontiamu tofauti, na sehemu ya kile kilichosomwa kama baridi haikuwa baridi. Vipimo vingine vya bahari vilivyofuata, vya magnesi ndani ya magamba na vya mafuta ya mwani yaitwayo alkenoni, viliangukia katikati, vingi kati ya nyuzi 1 na 3. Mradi wa MARGO uliojumlisha vipimo vingi mwaka 2009 ulitoa nyuzi 1.7 kwa tropiki, kwa shaka ya nyuzi 1.

Bahari, basi, ilipoa kuliko CLIMAP ilivyosema, lakini haikufika nyuzi 5. Pengo lilipungua. Halikuzibika.

Kuuhoji mlima

Mlima nao una mengi ya kujibu, na hapa ndipo kisa kinaponinogea.

La kwanza ni bahari yenyewe. Barafu ya kaskazini ilikuwa imefungia maji mengi kiasi kwamba usawa wa bahari ulishuka kama mita 120. Unguja haikuwa kisiwa. Mtu angetembea kwa miguu kutoka Bagamoyo. Pemba ilibaki kisiwa kwa sababu mkondo wake ni wa kina kirefu sana. Sasa, bahari ikishuka mita 120, kila mlima umepanda mita 120 kutoka usawa wa bahari bila kusogea. Kwa kasi ya nyuzi 5.8 kwa kilomita, hiyo ni nyuzi 0.7 ya baridi ya bure. Inabidi itolewe kwenye hesabu kabla ya kulinganisha mlima na bahari.

La pili ni kubwa zaidi, nalo linahusu chavua. Coetzee na waliomfuata walisoma kushuka kwa mpaka wa msitu kama baridi tupu. Lakini mti hula kaboni dioksidi. Hewa ikiwa na sehemu 190 tu kwa milioni, na juu mlimani hewa yenyewe ni nyembamba, mti unakaribia kufa njaa hata pasipo baridi, wakati nyasi za jamii ya mahindi na mtama, ambazo zina njia yao ya kuikusanya hewa hiyo, zinajiendea. Mwaka 1997 Alayne Street-Perrott na wenzake walionyesha jambo hili kwa isotopu za kaboni, yaani kaboni za uzito tofauti, kutoka Sacred Lake na kutoka ziwa la Kimilili kwenye Mlima Elgon. Mwaka huohuo Dominique Jolly na Alex Haxeltine waliijaribu kwa modeli ya mimea kule Kashiru, wakakuta kwamba kupunguza kaboni dioksidi peke yake kunatosha kuufukuza msitu na kuleta vichaka vya juu. Sehemu ya baridi tuliyoisoma kwenye chavua, basi, ilikuwa njaa ya miti.

Ugunduzi huu una funzo kuhusu kila kiashiria cha joto la kale. Chavua ilisema kweli kuhusu mimea. Tafsiri yetu ndiyo iliyodhani mimea inajibu swali moja tu.

La tatu ni mvua, na hili liliusaidia mlima badala ya kuudhuru. Mtu anaweza kusema barafu ilishuka kwa sababu theluji iliongezeka, si kwa sababu ya baridi. Lakini Afrika Mashariki ya wakati ule ilikuwa kavu. Ziwa Victoria lenyewe, linalowapa riziki watu wa Kisumu, Mwanza na Entebbe, lilikauka kuelekea mwisho wa Enzi ya Barafu. Ukame hupunguza theluji na kuurudisha mstari wake juu. Kama ulishuka mita 900 katikati ya ukame, baridi ya huko juu ilikuwa kali kwelikweli.

Tope la Rutundu

Kilichokosekana ni shahidi aliyekaa juu mlimani, asiyekula kaboni dioksidi na asiyejali theluji. Alipatikana kwenye tope la Ziwa Rutundu.

Rutundu ni ziwa dogo la volkano kwenye mbavu ya kaskazini-mashariki ya Mlima Kenya, kwenye mwinuko wa mita 3,000 na ushei. Wavuvi wa trauti wanalijua. Chini yake kuna tope lililotuama tabaka kwa tabaka kwa miaka 25,000, na ndani ya tope kuna mafuta ya utando wa bakteria walioishi humo na kandokando yake.

Njia yenyewe inaeleweka kwa chupa ya mafuta ya nazi. Mombasa mafuta ya nazi ni maji mwaka mzima. Yalete Nairobi mwezi wa Julai, asubuhi unayachokoa kwa kijiko. Utando wa seli ni mafuta, na ukiganda kiumbe hufa. Kwa hiyo bakteria hawa huubadilisha utando wao kulingana na joto: baridi ikizidi huongeza vijitawi kwenye minyororo ya mafuta ili iendelee kulegea, joto likipanda huvipunguza. Bakteria hufa, mafuta hubaki. Shannon Loomis na wenzake walikuwa wameshapima tope la juu la maziwa 111 ya Afrika Mashariki, kutoka mabondeni hadi milimani, wakajua idadi ya vijitawi inalingana na joto gani la hewa. Ikweta ina faida yake hapa, maana tofauti ya msimu ni ndogo na hakuna haja ya kujiuliza kama bakteria walikuwa wanaandika habari za kiangazi au za kipupwe.

Suala la msimu si dogo kwingineko. Mwaka 2013 Shaun Marcott na wenzake walionyesha dunia ikipoa polepole katika maelfu ya miaka ya karibuni kabla ya viwanda. Mwaka uliofuata Zhengyu Liu na wenzake wakaonyesha kwamba modeli katika kipindi hicho zinapasha dunia joto. Moja ya maelezo yanayopewa uzito ni kwamba viashiria vingi vya kaskazini huandika joto la msimu mmoja, si la mwaka mzima.

Kazi ya Rutundu ilichapishwa mwaka 2017. Loomis alikuwa na James Russell, Dirk Verschuren, Daniel Olago wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Street-Perrott yuleyule wa mwaka 1997, Kelly wa matuta ya Rwenzori, na wengine. Rutundu ilikuwa imepoa kama nyuzi 5.5. Walipoiweka pamoja na rekodi za sehemu za chini za ukanda wetu, ikaonekana kwamba sehemu za chini zilipoa kidogo na za juu zilipoa sana. Kasi ya joto kupungua unapopanda haikuwa 5.8 kwa kilomita wakati ule. Ilikuwa 6.7.

Hiyo tofauti ya 0.9 inaonekana ndogo. Chukua karatasi, tuache kando zile mita 120, na tuseme usawa wa bahari leo una nyuzi 26. Kwa kasi ya 5.8, utafika nyuzi sifuri kwenye mita 4,480 hivi. Sasa ipoze bahari nyuzi 1.5 kama CLIMAP, kasi ibaki ileile: sifuri inashuka mita 260 tu. Haitoshi hata kidogo. Ipoze nyuzi 2.8, ndani ya zile 1 hadi 3 za vipimo vya baadaye: inashuka karibu mita 480. Bado. Lakini ipoze nyuzi 2.8 na ubadili kasi iwe 6.7: sifuri inaangukia mita 3,460 hivi, yaani imeshuka kama kilomita moja. Na Rutundu, kwa hesabu hiyohiyo, inapoa nyuzi 5.5.

Hii ni hesabu ya mkono, na mstari wa theluji si lazima ukae kwenye nyuzi sifuri hasa. Hata hivyo, mara ya kwanza nilipoiandika nje ya bahasha nilikaa nikiitazama kwa muda mrefu. Mlima ulisema nyuzi 5, bahari ikasema 2 na kitu, na wote wawili wanaweza kuwa wamesema kweli. Kosa lilikuwa kwenye ile kasi tuliyokuwa tukiikopa kutoka leo na kuipeleka miaka 20,000 nyuma kana kwamba haibadiliki.

Modeli bado ina deni

Kwamba kasi hiyo hubadilika si siri kwa wanafizikia. Weka mkono kidogo juu ya sufuria ya wali unaotokota. Mvuke unaunguza kuliko hewa ya oveni yenye joto lilelile, kwa sababu unapogeuka maji kwenye ngozi unaachilia joto ulilolichukua jikoni. Angani ni hivyohivyo. Hewa ya bahari ya moto hupanda na mvuke mwingi, mvuke ukigeuka mawingu juu hutoa joto, na huko juu kunapata joto zaidi kuliko chini. Bahari ikipoa, mvuke hupungua kwa karibu asilimia 7 kwa kila nyuzi moja, joto la kupelekwa juu hupungua nalo, na milima hupoa kuliko pwani. Modeli zinaijua fizikia hii. Ziliposimulia Enzi ya Barafu, ziliipandisha kasi hiyo kama inavyotakiwa. Ila haikutosha. Loomis na wenzake walipozilinganisha na Rutundu, modeli za kisasa zilionyesha badiliko dogo kuliko lililoandikwa kwenye tope.

Kuna sababu ya kawaida ya kuangaliwa kwanza kabla ya kulaumu fizikia. Modeli nyingi za dunia hugawa uso wa nchi katika miraba yenye upana wa kilomita 100 au 200. Mraba mmoja unaweza kumeza Nanyuki, Meru, Embu na kilele cha Batian kwa pamoja, na mlima wa mita 5,199 unakuwa uwanda ulioinuka kidogo. Ukilinganisha joto la ardhi la mraba huo na joto la Rutundu, umelinganisha vitu viwili tofauti. Inabidi uchukue joto la hewa ya modeli kwenye mwinuko wa Rutundu. Ulinganisho mbaya wa aina hii umezaa mabishano mengi yasiyokuwa na mwili.

Lakini miraba haimalizi maelezo. Ninaloliona lina uzito ni ukavu: hewa ikipungukiwa mvuke kuliko modeli inavyodhani, kasi inasogelea ile ya hewa kavu, ambayo ni karibu nyuzi 9.8 kwa kilomita. Mawingu ya dhoruba za ikweta ni madogo kuliko miraba, hivyo modeli huyakadiria kwa kanuni badala ya kuyaunda, na kanuni hizo zimerekebishwa kwa hewa ya leo.

Kwa dunia nzima, pengo la zamani limekuwa jembamba. Ripoti ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, ya mwaka 2021 inasema kilele cha Enzi ya Barafu kilikuwa baridi kwa nyuzi 5 hadi 7 kuliko karne ya 19. Jessica Tierney na wenzake, mwaka 2020, walipata 6.1. James Annan na wenzake, mwaka 2022, walipata 4.5. Tofauti hiyo inatokana kwa sehemu na modeli zilizotumika kujaza mahali pasipo na tope: Tierney aliegemea modeli moja, Annan alichanganya nyingi. Vipimo vyenyewe ni vichache ukilinganisha na ukubwa wa bahari, na kila ramani ya joto la kale ya siku hizi ina modeli ndani yake. Anayeitaja namba moja kati ya hizo bila kueleza ilivyojazwa anamnyima msomaji jambo la maana.

Kwetu, deni la modeli lina upande wa pili wa sarafu. Kasi iliyopanda dunia ilipopoa itashuka dunia ikipata joto, na milima itapata joto kuliko pwani. Kama modeli zilipunguza mno badiliko hilo zilipoelekea kwenye baridi, upo uwezekano mkubwa zinalipunguza pia zinapoelekea kwenye joto. Loomis na wenzake walilisema hilo wazi: joto la baadaye la milima ya tropiki linaweza kuzidi makadirio. Mkulima wa chai wa Kericho na wa kahawa wa Marangu wanapangiwa mambo yao kwa makadirio hayohayo. Barafu ya Lewis kwenye Mlima Kenya, iliyopimwa tangu mwaka 1934, ilikuwa imepoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kufikia mwaka 2010.

Ningependa apatikane shahidi wa juu zaidi, kwenye mita 4,000, pale ambapo tofauti kati ya modeli na mlima ingeonekana wazi kuliko Rutundu. Maziwa yapo, tena mazuri, yamekaa nyuma ya matuta yaleyale ya mabonde ya juu. Lakini wakati wa Enzi ya Barafu yalikuwa chini ya barafu. Ukitoboa tope lake unashuka hadi ufike kwenye unga wa mwamba uliosagwa, na rekodi inaanza siku barafu ilipoondoka.